Njia za baskeli Unguja: kwanza uliza maji yanakupwa saa ngapi

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Morogoro. Shule zikifungwa mwezi wa sita, yeye, mumewe na watoto wao wawili, wa miaka 9 na 14, watakuja Unguja kwa siku tano. Wote wanaendesha baskeli. Mume ameshachora ramani ya kuzunguka kisiwa chote. Mama anaogopa magari, na anachotaka ni kuona bahari na vijiji bila kukimbizana na mtu. Anauliza wapite wapi, na kama watoto wataweza.

Mwalimu, nianze na ramani ya bwana, maana hiyo ndiyo itakayowaharibia likizo. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika 40, kwa hiyo karatasini kinaonekana ni kazi ya siku mbili tatu kwa mtu mwenye miguu. Miguu si tatizo. Tatizo ni kwamba barabara kuu za Unguja kwa sehemu kubwa haziioni bahari. Zinapita ndani ya kisiwa, mbali na maji, na zikisogea pwani mara nyingi hubaki nyuma ya kuta za mahoteli. Mtazunguka kisiwa kizima, na mtakachokumbuka ni honi za daladala na vumbi la malori ya mchanga.

Njia nzuri kuliko zote kwa baskeli haimo kwenye ramani ile, kwa sababu mara mbili kwa siku inakuwa chini ya maji. Ni ufukwe wenyewe wa mashariki, maji yakishatoka. Kwa hiyo kabla hujaniuliza mpite wapi, tazama kwanza mwezi utakuwaje siku mtakazokuja.

Upande wa mashariki kuna mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi mbali na nchi kavu, na ndani yake bahari ni ya kina kidogo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada yake, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Maji yakitoka hapo yanakwenda mbali mno, na yanaacha mchanga mpana, mgumu, uliolala sawa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana, na njia ya kupita inakuwa nyembamba.

Sasa shika hili. Kwenye bamvua, pwani yetu hii, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi, hata wiki moja baadaye yanakupwa alasiri, tena kwa unyonge. Ukiwa na watoto unataka saa nne asubuhi: jua halijawa kali na mna siku nzima mbele ikitokea pancha. Kama tarehe zenu bado hazijafungwa, zisogezeni zianguke kwenye bamvua. Kama zimeshafungwa, ulizeni wenyeji mtakapofikia. Mvuvi au mama wa mwani atakutajia saa ya maji bila kutazama simu. Hesabu yangu ni ya saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Nje ya hapo msiwe mchangani na baskeli, maana bamvua linavyotoka kwa nguvu ndivyo linavyorudi, na ziko sehemu ambako maji yakijaa yanagonga kuta, hakuna pa kupita wala pa kupandia.

La pili ni upepo. Mwezi wa sita kusi limeshaanza, linavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na mchana hukaza. Kwa hiyo mwende kutoka kusini kuelekea kaskazini, upepo uwe mgongoni. Mngekuja mwezi wa kwanza, wakati wa kaskazi, ningekwambia mgeuze kila kitu. Nawaona wageni kila mwaka wakienda na upepo asubuhi kwa raha zao, kisha alasiri wanarudi dhidi yake huku mtoto analia. Watu wazima wanaweza kuona ni mazoezi, ila mtoto wa miaka tisa hatasahau, na kesho yake hatapanda.

Basi laleni Jambiani. Ni kijiji kirefu kilichonyooka kando ya bahari, na nyumba zake za mawe ziko karibu na maji. Saa mbili unusu asubuhi shukeni ufukweni muelekee Paje. Ni kilomita sita saba, na ndizo ningechagua kama mna siku moja tu ya baskeli.

Mchanga una siri yake. Ule mweupe wa juu, mkavu, mlaini kama unga, utawamaliza nguvu katika mita hamsini. Teremkeni mpaka mahali mchanga umekuwa wa kijivu, una unyevu lakini maji hayasimami juu yake. Shuka, kanyaga kwa kisigino: kisigino kikizama, sogea, kikiacha alama ndogo tu, hapo ndipo barabara yenu. Punguzeni upepo kwenye matairi kidogo, mpaka ukibana kwa kidole gumba mpira unabonyea. Gurudumu linakuwa pana chini, linapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Mkifika lami mnajaza tena, kwa hiyo pampu ni lazima muwe nayo. Msitegemee kuikuta njiani.

Siku za bamvua hamtakuwa peke yenu. Akina mama wanashuka na maji, kwa sababu nao wanasubiri siku hizo hizo: mashamba ya mwani yapo ndani ya eneo linalokauka. Mwani unalimwa kibiashara Unguja tangu 1989, na Paje na Jambiani ni katika vijiji vinavyojulikana kwa kazi hiyo. Mtaona mistari ya vijiti vimechomekwa mchangani, kamba imevutwa kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba vipande vya mwani vimefungwa kwa taitai, vile vikamba vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono, mwanamke ameinama na maji yako magotini. Baskeli isiingie humo hata mara moja. Kamba ikikatwa na gurudumu ni mavuno ya mtu yanakwenda na maji. Kaeni upande wa nchi kavu, na mkitaka watoto waone kwa karibu, lazeni baskeli juu, mwende kwa miguu mkiwa na viatu, mpige salamu kwanza. Simu ya picha ibaki mfukoni mpaka mtu akubali. Wengi wamechoka kupigwa picha na watu wasiowasalimia.

Tazameni pia nanga za ngalawa na mashua. Maji yakitoka, vyombo vinakaa mchangani na kamba zinalala chini, nyingine zimefukiwa nusu. Mtoto anayetazama bahari badala ya mbele atakutana nazo kwa gurudumu la mbele.

Paje ina jambo lake: wacheza kaiti, wale wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji. Kusi ni katika misimu yao. Nyuzi za tiara ni nyembamba, hazionekani kwa mbali, na zikikaza zinaweza kumjeruhi mtu. Maji yakiwa yametoka kabisa wengi wanapumzika, lakini yakianza kurudi ufukwe unajaa. Hapo shukeni muikokote baskeli, mpite upande wa juu, nyuma ya walioshika tiara. Msibishane na mtu kuhusu nani ana haki ya kupita. Mkishapita Paje pwani inatulia tena, na baada ya kilomita nne tano mnafika Bwejuu, minazi ikiwa kushoto kwenu njia nzima.

Kwa mtoto wa miaka tisa naishia hapo, kunyweni madafu. Kurudi Jambiani kwa lami ni kilomita kumi na kitu dhidi ya kusi, na sikushaurini. Simamisheni daladala, baskeli zinapanda juu ya paa, ni jambo la kawaida huku. Bei ya baskeli patanini na utingo kabla haijapanda juu, maana ikishapanda bei ni yake. Aghlabu mtabadilisha gari Paje.

Yule wa miaka 14 na baba yake, kama bado wana hamu, waendelee kwa barabara ya Dongwe mpaka Michamvi, kwenye ncha ya rasi. Sehemu hiyo ni lami, magari ni machache kuliko barabara ya mjini ila yaliyopo yanakimbia, mengi ni ya kubeba wageni. Uzuri wa Michamvi ni kwamba upande wake mmoja, uitwao Kae, unatazama magharibi, juu ya Ghuba ya Chwaka, kwa hiyo ni katika sehemu chache za pwani hiyo ambako jua linaonekana likizama baharini. Na hapo ndipo watu wanapojisahau. Mwezi wa sita jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache, na giza haligongi hodi. Baskeli nyingi za kukodi hazina taa. Wanaotaka machweo walipie usafiri wa kurudi mapema, au walale huko.

Siku ya pili wekeni kusini. Pandeni gari na baskeli zenu mpaka Kizimkazi Dimbani, muanze na msikiti. Kwa nje utaona msikiti wa kijiji wenye paa la bati, na pengine utashangaa nimekutoa Jambiani kwa ajili gani. Ndani, upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107. Jengo lenyewe kwa sehemu kubwa lilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi ni ya ule wa kwanza, na watu wanaswali hapo mpaka leo. Ombeni ruhusa, vueni viatu, nguo ziwe za heshima, na msiende wakati wa swala ya Ijumaa.

Kutoka hapo endesheni kuelekea mashariki mpaka Makunduchi, kisha mpinde kaskazini kurudi Jambiani. Yote kwa jumla ni zaidi ya kilomita ishirini za lami isiyo na milima, na nusu ya pili kusi linawasukuma. Nchi hiyo ni maweni: jiwe la matumbawe limechomoza kila mahali, udongo kidogo, vichaka vifupi, kivuli hakuna. Watu hulima kwenye vijishimo kati ya mawe, na mipaka ya mashamba ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mimi naipenda, wapo wanaoiona kavu. Chukueni maji ya kutosha toka Kizimkazi. Mkiwahi kuahirisha safari mpaka Julai, mtakuta Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, na siku hiyo barabara inajaa magari kutoka mjini. Nendeni kwa sherehe, baskeli ziacheni nyumbani.

Jozani kila mtu ataitaja, basi niseme haraka. Hifadhi ni nzuri, kima punju ni wa Unguja na hapatikani kwa asili kwingine, lakini ndani ya msitu mnatembea kwa miguu na mwongozaji. Baskeli inabaki langoni. Barabara ya kuelekea huko kutoka Paje ina magari ya kasi na matuta yaliyowekwa kwa ajili ya hao kima, waliokuwa wakigongwa. Siwapeleki watoto kwa baskeli barabara ile. Kama baba anataka kuendesha eneo hilo, njia ya pembeni iendayo Charawe na Ukongoroni ina utulivu zaidi, na inawafikisha kwenye vijiji vilivyo karibu na mikoko ya Ghuba ya Chwaka.

Upande wa magharibi ni nchi nyingine kabisa. Udongo ni mwekundu na mzito, kuna vilima, minazi, miembe, mikarafuu, mifenesi. Hapo hakuna habari ya maji kupwa, kwa hiyo iwekeni siku ambayo saa za bahari hazikukaa vizuri. Kosa la wengi ni kuanza safari mjini kwa baskeli. Barabara ya Maruhubi, Mtoni na Bububu ina magari mengi na nafasi ya pembeni ni finyu. Nendeni kwa gari. Mkitaka simameni Maruhubi, kwenye nguzo za kasri la Sultani Sayyid Barghash lililoungua 1899, na Mtoni, lilipokuwa kasri la baba yake, Sultani Sayyid Said, ambako Salme binti Said alizaliwa 1844. Baskeli zishushwe Bububu, na hapo muanze kupanda taratibu kwenda Kidichi.

Ni kilomita nne hivi, na ndiyo sehemu pekee katika safari yenu yote mtakayotaka gia. Juu kuna hamamu, nyumba ya kuogea, ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe Shehrazade, mjukuu wa Shah wa Uajemi, mwaka 1850. Ndani kuna nakshi za plasta za maua na ndege, zimeliwa na unyevu lakini bado zinasomeka. Kutoka Kidichi mnapita njia za mashamba mpaka Kizimbani, chini ya vivuli, mnakutana na baskeli nyingine nyingi zilizobeba majani ya ng'ombe, ndizi, madumu ya maji. Hao ndio waendeshaji hasa wa kisiwa hiki. Wapisheni, mzigo wao ni mpana na hawawezi kusimama ghafla. Mvua ikiwa imenyesha, udongo ule mwekundu unateleza vibaya. Subirini mchana ukauke.

Bwana akiuliza kuhusu Pemba, mwambie ndiko ningempeleka mwaka mwingine bila watoto. Ni vilima juu ya vilima, si pa kuanzia. Lakini kutoka Konde kupitia Msitu wa Ngezi, mnatokea pwani ya Vumawimbi na mbele zaidi mnara wa Ras Kigomasha. Sijui njia nyingine katika visiwa hivi ambako unatoka kwenye msitu mkubwa wa kivuli moja kwa moja kuingia bahari nyeupe vile. Wakati wa mavuno mtakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, pengine mpaka ndani ya lami. Baskeli haikanyagi jamvi la mtu, hata kama gari linakuja.

Tuje kwenye baskeli zenyewe. Msihangaike kubeba zenu toka Morogoro. Paje, Jambiani na mjini zinakodishwa, na kwa ufukwe baskeli nzito ya kawaida isiyo na gia inatosha, tena matairi mapana ni bora. Kwa Kidichi tafuteni ya gia. Kabla hujalipa, fanya haya mbele ya mwenye nayo: inua gurudumu ulizungushe, litazame kama linayumba, lishike kwa mkono ulitikise kushoto na kulia, likicheza bering zimekwisha, bana breki zote mbili huku unaisukuma. Kisha tazama mnyororo. Pwani hii chumvi inakula chuma usiku na mchana, na mnyororo wenye kutu nyekundu utakatika mbali na fundi. Kiti cha mtoto kishushwe mpaka vidole vya mguu vigote chini bila kuinamisha baskeli, na uhakikishe hakirudi chini chenyewe. Helmeti ndogo ni adimu kukodi, hiyo ndiyo mbebe kutoka nyumbani.

Kila jioni mkitoka ufukweni mwageni maji ya bomba juu ya baskeli, hasa kwenye mnyororo na breki, mfute, mpake mafuta kidogo. Msiingize magurudumu kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya picha. Mwenye baskeli akiona bering zina mchanga atadai, na ana haki. Pancha isiwatishe. Kila kijiji kina fundi, mara nyingi chini ya mti, na beseni lake la maji la kutafutia tundu. Muulizeni kabla hajaanza ni kiasi gani.

Vijijini funikeni mabega na magoti, wewe na bwana pia, na chupi za kuogelea zibaki hotelini. Kengele ya baskeli msiwapigie wazee. Semeni hodi, au shikamoo, watapisha wenyewe. Watoto watawakimbilia wakitaka kupanda nyuma kwenye keria. Mkimbeba mmoja, mjue watakuwa kumi.

Na bwana akisisitiza kwamba hajapata kilomita zake, siku ya mwisho mwache aondoke Paje alfajiri, magari hayajawa mengi, apite Jozani mpaka mjini. Ni kilomita hamsini hivi, na kusi litakuwa upande wake njia nzima. Avae kitu cha kung'aa, awe na tyubu moja ya akiba. Wewe na watoto pandeni daladala la 309, linalokwenda mjini, kwa nafasi yenu, mizigo yake mtambebea.